Samaki wa Dema la Mwenzio

Mtu anayeanza kupiga picha hapa Dar es Salaam akiuliza atumie programu gani kusafishia picha zake, mara nyingi haelekezwi programu. Anaelekezwa mtu. "Nenda Kariakoo, kuna kijana ana kila kitu kwenye fleshi." Kijana huyo yupo pia Mwenge, yupo Tegeta, na kwa sisi wa Kunduchi yupo hapo Mtongani, kwenye kibanda cha kuuzia kava za simu. Unamwachia laptopu na shilingi elfu kumi, unakwenda kula chipsi mayai, ukirudi unakuta Photoshop, Lightroom na vitu vingine vitatu ambavyo hukuviomba. Anakukabidhi na onyo moja: ikikuomba ijisasishe kwa intaneti, ikatalie.

Mimi nasoma uzamili wa falsafa, na mwisho wa wiki napiga picha: sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea, na zaidi ya yote kicheni pati, kwa kuwa kina mama hawataki mwanamume ashike kamera wakati somo anamfunda bibi harusi. Kamera yangu ni Canon 600D ya mtumba, toleo la mwaka 2011. Laptopu ina kumbukumbu ya GB 4 na inapumua kwa shida. Mwaka jana nilipoacha kutumia kompyuta ya studio niliyojifunzia kazi na kuanza kufanyia nyumbani, ilinibidi nichague programu yangu mwenyewe. Hapo swali la fleshi likaacha kuwa swali la semina.

Swali lenyewe ni hili: kutumia programu ya fleshi ni wizi? Jibu la kisheria lipo na halina utata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu. Lakini kitu kuwa kosa kisheria na kitu kuwa kibaya ni mambo mawili. Mama anayepanga mihogo yake kando ya Barabara ya Bagamoyo bila kibali anavunja sheria pia, na sijawahi kumwona mtu akimwita mbaya.

Tuanze na bei, maana hoja zote za vijiweni zinaanzia hapo. Mwezi Mei 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kubwa hayatauzwa tena; yatakodishwa. Lightroom iliendelea kuuzwa moja kwa moja hadi toleo la 6 la mwaka 2015, kisha nayo mlango huo ukafungwa. Kifurushi cha wapiga picha kilianza kwa takriban dola 10 kwa mwezi, na baadaye bei ikapanda. Kwa dola moja ya shilingi 2,500, dola 10 ni shilingi 25,000 kwa mwezi, 300,000 kwa mwaka, na mwaka unaofuata tena, na ukiacha kulipa unafungiwa nje ya jikoni lako mwenyewe. Mimi kicheni pati moja ikinilipa vizuri ni 150,000, na humo ndani mna msaidizi, bodaboda, bando na kuchapisha albamu. Kuna miezi ya kicheni pati nne na kuna Ramadhani, ambapo hakuna hata moja. Kodi ya mwezi haijui Ramadhani.

Kwa hiyo watu wanasema: hawapungukiwi kitu. Wanasema: hata hivyo nisingenunua, kwa hiyo hakuna mauzo waliyopoteza. Wanasema: bei hiyo haikupangwa kwa ajili yetu. Hoja hizi si za kijinga. Nimeshasikia zikitetewa ukumbini kwa maneno marefu zaidi na kwa ushahidi hafifu zaidi.

Ile ya kwanza niliichukulia kwa uzito siku niliyokwenda kujifunza mwanga kwenye magofu ya Kunduchi. Kuna makaburi ya nguzo pale, ya karne ya 18, na nguzo zake zilipambwa kwa mabakuli na sahani za kauri za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Mengi hayapo tena. Yamebaki mashimo ya mviringo, na jua la saa tisa likiingia kwa upande unayaona vizuri, kila shimo na kivuli chake. Huo ndio wizi wa kale, ule ambao kila lugha ina neno lake: kitu kilikuwepo, sasa hakipo, na shimo linabaki kushuhudia. Nikinakili Lightroom kutoka kwenye fleshi, shimo liko wapi? Hakuna bakuli lililong'olewa popote duniani. Kama neno wizi maana yake ni shimo, basi wanaosema si wizi wana haki, na kampuni zinapotuambia kunakili programu ni sawa na kuiba gari zinatuchukulia kama watoto.

Ila lugha yetu haina neno hilo moja tu la kosa la mali.

Pale ufukweni, karibu na soko la samaki, kuna mzee anayesuka madema. Nilikuwa nimempiga picha na nikampelekea nakala, tukakaa. Nikamuuliza, "Babu, mtu akinyanyua dema la mwenzake akatoa samaki, huyo ni nani?"

"Mwizi. Unauliza nini?"

"Na kama samaki wale hawapungui? Anatoa wake, na mwenye dema anakuta samaki wote wako palepale?"

Akacheka. "Dema hilo liko wapi, mjukuu wangu, nilifuate?" Akaendelea kusuka. Baada ya muda akauliza, "Hilo dema alisuka nani?"

"Watu wa Marekani."

"Wamesema chukueni?"

"Hapana. Wamesema lipeni."

"Basi suka lako."

Sikutaka kuligeuza kuwa neno la hekima, na yeye pia hakuwa na nia hiyo. Alitaka kumaliza dema. Lakini angalia alivyouliza. Suala la kupungua kwa samaki alilipita haraka. Aliuliza nani alifanya kazi, na amesema nini. Samaki wa bahari wazi ni wa aliyewavua. Samaki walioingia kwenye dema wako ndani ya jasho la mtu. Kiswahili kinaliita kosa hilo dhuluma, na dhuluma haihitaji shimo. Fundi akikujengea ukuta ukakataa kumlipa, hujatoa kitu mfukoni mwake. Ukuta umesimama, mwiko wake anao, mfuko wake uko kama ulivyokuwa asubuhi. Bado umemdhulumu.

Utasema, na mimi nilijisemea, kwamba fundi nilimwita mimi na tukakubaliana, ilhali watu wa Adobe hawajui kama nipo. Ni kweli. Mfano wa fundi unafika nusu ya njia na kukwama. Unaofika mbali zaidi kwa maoni yangu ni wa daladala. Gari linatoka Makumbusho kwenda Tegeta, saa tano asubuhi, lina siti sita tupu. Litakwenda tu, nipande nisipande. Nikikaa kwenye siti tupu na kushuka Mtongani bila kulipa, mafuta hayajaongezeka hata kijiko. Mwambie konda hoja hiyo. Atakuuliza, na atakuwa na haki ya kukuuliza kwa sauti: wenzako waliolipa ni wajinga? Gari lipo barabarani kwa sababu ya nauli zao. Mtu anayepanda bure kwa siri anabebwa na abiria wenzake, wala si na tajiri mwenye gari peke yake, na usiri wake ndio unaoonyesha kwamba anajua. Ndiyo maana ya lile onyo la kijana wa Mtongani kuhusu intaneti.

Halafu kuna ile elfu kumi. Watu husema programu za fleshi ni za bure, lakini kila mtu ninayemjua amezilipia. Kalipwa kijana wa kibanda, kwa kazi ya dakika ishirini. Waliokesha miaka kuandika programu hawajapata hata mia.

Hata hivyo hoja ya tatu, ya bei, haijajibiwa, na sikubali wanaoipita haraka. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA baada ya kuangalia mafuta na mifuko ya watu. Programu hazina LATRA. Bei iliyopangwa kwa mpiga picha wa London inakuja kama ilivyo kwa mpiga picha wa Kunduchi ambaye harusi nzima inamlipa chini ya saa mbili za mwenzake. Upo wakati ambapo bei yenyewe ni dhuluma, na Afrika Mashariki tunaujua. Kenya mwaka 2001 ilipitisha sheria ya mali za viwandani iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu za kupunguza makali ya UKIMWI, wakati watu walikuwa wanakufa kwa kukosa dawa ambazo tayari zilikuwepo duniani. Sijui mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema wagonjwa wangesubiri mpaka haki za hataza ziheshimiwe. Mwenye shida ya uhai ana madai ambayo mwenye mali hawezi kuyafungia kabatini.

Lakini sendofu si ARV. Na hoja ya dharura ina sharti ambalo watu hulisahau: inafaa tu pale pasipo na njia nyingine.

Kabla sijafika kwenye njia nyingine, kuna jambo lililonifunga mdomo hata pale nilipotaka kujitetea. Sisi wapiga picha hutuma sampuli kwa WhatsApp, zikiwa na jina la studio limepigwa katikati, ili mteja achague za kulipia. Mteja mmoja wa mwaka huu alizichukua kumi na mbili, akakata pembeni palipokatika, akafunika jina kwa maua ya rangi, akaziweka kwenye mtandao wake, na hakulipa salio. Nilipompigia alisema kwa upole kabisa: dada, si unazo bado kwenye kompyuta? Hujapungukiwa kitu. Na bei yako ile mimi nisingeiweza. Hoja zote tatu, kwa mpangilio uleule. Sheria ya mwaka 1999 inayoilinda programu inailinda na picha. Nilijua kwamba siku nitakayompelekea COSOTA malalamiko dhidi ya mtu kama huyu, ni lazima niwe nimesafisha picha hizo kwa programu ambayo naweza kuitaja jina mbele ya karani.

Sasa njia nyingine. Ya kwanza iko chini ya pua na wengi hawaijui: watengenezaji wa kamera wenyewe hutoa programu ya kusoma mafaili yao. Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, bila malipo. Ukinunua Canon ya mtumba isiyo na boksi wala CD, unaipakua kwa kuandika namba ya kamera iliyochapwa chini ya mwili wake. Rangi ya ngozi inayotoka humo ni nzuri, na kwa mtu anayeanza ningesema aishie hapo kwa miezi sita. Udhaifu wake ni kwamba inasoma Canon tu, na kazi ya kurekebisha sehemu ndogo ndogo za picha inaichosha.

Ya pili ni programu huria. RawTherapee ilianzishwa na Gábor Horváth wa Hungaria, na mwaka 2010 aliifungua msimbo wake kwa leseni ya GPL ili yeyote ausome, autumie na auboreshe. Darktable ilianza mwaka 2009 kwa mkono wa Johannes Hanika, na tangu mwishoni mwa 2017 inapatikana rasmi hata kwa Windows. Nyuma ya kazi hizi kuna mtu mwingine, Dave Coffin, Mmarekani ambaye tangu mwaka 1997 aliandika dcraw, programu ndogo ya kufungua mafaili ghafi ya karibu kila kamera. Mwaka 2005 ilipojulikana kwamba Nikon, kwenye kamera ya D2X, walikuwa wameifunga kwa msimbo wa siri taarifa ya mizani ya nyeupe ndani ya faili la mpiga picha, Coffin aliufungua msimbo huo. Hapa namwona mvunja kufuli ambaye dhamiri yangu haina neno naye. Picha ilikuwa ya aliyeipiga. Kufuli ndilo lililokuwa la mwingine.

Na tuseme ukweli, ughafi wenyewe unahitaji kueleweka ndipo mtu ajue anachagua nini. Kihisio cha kamera hakioni rangi. Kimefunikwa kwa vichujio vidogo kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak aliupatia hataza mwaka 1976: katika kila vijumba vinne, viwili vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha bluu. Kila kijumba kinajua rangi moja tu. Nyingine mbili lazima programu ibashiri kwa kuangalia majirani. Theluthi mbili za rangi kwenye picha yoyote ya sendofu ni ubashiri. Kamera yangu inarekodi kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga. JPEG inabakiza 256. Ukumbi ukiwa na taa za zambarau na bibi harusi mwenye ngozi nyeusi amesimama mbali na taa, uso wake wote unakaa kwenye zile ngazi za chini ambazo JPEG imeshazitupa. Anayechagua programu anachagua nani atabashiri uso huo na kwa mazoea gani. RawTherapee inakuachia uchague hata njia ya kubashiri. Kwa picha zenye chengachenga nyingi natumia ile iitwayo LMMSE. Darktable inapunguza chengachenga kwa kufuata vipimo vya kila aina ya kamera, na vipimo hivyo vimekusanywa kutoka kwa watumiaji wenyewe waliopiga picha za majaribio na kuzituma.

Je, ni sawa na Lightroom? Hapana. Lightroom inakupa picha inayopendeza kwa dakika moja. Darktable ilinichukua miezi miwili ya jioni zangu kabla ngozi haijaacha kutoka kama matofali. Kwa GB 4 inakwenda kama mkokoteni. Nimejifunza kupika ugali huku inachakata picha. Rafiki yangu anasema hiyo nayo ni bei, nami nakubali. Tofauti ni kwamba bei hiyo naimudu, na inapungua kadiri ninavyoilipa.

Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa, na wanaharakati wao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakipoteza pumzi kueleza tofauti. Sisi tunayo maneno mawili tangu zamani. Bure ni bei. Huria ni hali. Darktable ni vyote viwili, programu ya fleshi si chochote kati ya hivyo, na programu ya Canon ni ya bure bila kuwa huria.

Lakini bure inazaa swali jingine, na hili ndilo ninaloliwaza zaidi sasa. Kama kupanda daladala la watu kwa siri ni dhuluma, kupanda kila siku gari ambalo mwenyewe amesema pandeni, bila kuinua hata kidole, ni nini? Aliyesema chukueni hajadhulumiwa. Hilo liko wazi. Ila hapa ufukweni chombo kikirudi, watu wanaosaidia kukivuta mchangani hupewa kitoweo, samaki wawili watatu. Yupo pia anayekuja kila siku na ndoo, hagusi kamba, na hupewa, kwa sababu wavuvi wana haya. Hakuna anayemwita mwizi, lakini jina lake wanalo.

Kushika kamba kuna namna nyingi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyoongea Kiswahili. Kwa kazi hiyo watu walikaa chini wakatafuta neno la kila kitufe. Mimi msimbo siuwezi. Kuchangia dola kumi mara moja kwa mwaka naweza, na nimefanya. Kubwa zaidi ninaloweza ni mwongozo wa Kiswahili kwa vijana wanaopeleka laptopu zao kule kibandani, kurasa kama arobaini: namna ya kupakua, namna ya kuokoa uso uliozama gizani, namna ya kuzima taa za zambarau.

Kazi imekwama kwenye maneno. Mizani ya nyeupe ilikuwa rahisi. Kwa sehemu ya picha iliyozidiwa na mwanga mpaka haina kitu, nilikuwa nimeandika sentensi nzima, mpaka nilipomwonyesha mpiga picha mmoja wa zamani, wa enzi za filamu, mwenye studio Magomeni. Aliisoma mara mbili akasema, "Mwanangu, si useme tu pameungua?" Na pale gizani? "Pamezama." Nimeandika yote mawili. Kwenye chengachenga hatukubishana.